Gia ya Pili Jozani

Ukitoka Darajani kwenda kusini-mashariki, Unguja hubadilika chini ya magurudumu kabla haijabadilika machoni. Ukishaipa mgongo Ng'ambo na soko la Mwanakwerekwe, njia inaanza kupanda na kushuka taratibu. Mpaka Tunguu udongo ni mzito, unaobeba minazi, miembe na mifenesi bila taabu. Mbele ya Bungi udongo unaanza kukwisha. Jiwe la matumbawe linatokeza, la kijivu, lenye meno, na mti unaouona umesimama kwenye ufa wa jiwe. Watu wa kusini huiita ardhi hiyo uwanda, na ndiyo iliyotanda sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya kisiwa, vichaka na nyasi na mawe, hadi Paje na Makunduchi. Aliye ndani ya gari haoni mpaka wowote hapo: kioo kimefungwa, redio inaimba, lami ni ileile. Aliye juu ya vespa anaupata mpaka huo viganjani na puani. Hewa inakauka, harufu ya majani yaliyooza inatoweka, na harufu ya jiwe lililopigwa na jua inapanda.

Njia hii nilifunzwa na ami yangu, mdogo wake baba. Kwanza nilikaa kiti cha nyuma nimemshika kiuno. Siku alipoona nimekua, akanipa usukani yeye akakaa nyuma. Vespa yake ilikuwa ya zamani, ya kuchanganya oili na petroli ndani ya tangi lenyewe, gia na klachi mkono wa kushoto, injini ubavu wa kulia. Kampuni ya Piaggio ilianza kuziunda Italia mwaka 1946, vita vimekwisha, watu hawana fedha za gari na barabara zimebomoka. Chombo kilichozaliwa katika hali hiyo hakikuwa kigeni kwetu. Mjini kinapita kwenye vichochoro ambavyo gari haiingii, na shamba kinabeba mtu, mkewe, mtoto na pakacha la maembe. Magurudumu yake ni madogo, inchi 10 tu, na gurudumu dogo huingia shimoni zimazima. Kwa hiyo mpanda vespa anajifunza kuitazama njia kwa makini ambayo mwenye gari hahitaji kuwa nayo. Anajua wapi lami imevimba kwa mzizi, wapi mchanga umemwagika kwenye kona, wapi mbuzi wamezoea kulala.

Unguja haina milima. Penye kimo kikubwa kuliko pote, kwenye tuta la Masingini, ni kama mita 120 tu juu ya bahari. Aliyepita nyanda za juu za Iringa, au zile mbuga za nyasi za Marekani zinazopanda na kushuka bila mwisho, anaweza kuona hakuna cha kusimulia. Lakini kimo hupimwa na kinachokipanda. Vespa yenye watu wawili inaujua kila mwinuko: sauti inazama, unarudisha gia, unasubiri, na mara unafika juu na uwanda wote unafunguka mbele yako hadi mstari mweupe wa mawimbi kwenye miamba ya mashariki. Wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni au Julai, mvua za masika zimekwisha, nyasi bado mbichi na upepo wa kusi unazilaza zote upande mmoja. Nimeona mandhari nyingi zinazosifiwa kuliko hiyo. Sijaona inayonituliza moyo zaidi.

Ami alikuwa na desturi ya kupunguza mwendo kabla ya kila kijiji, hata pasipokuwa na mtu barabarani. Hakuwa mtu wa kufafanua. Nilipomuuliza, alisema, "Mwanangu, hapa tunapita kwa watu." Kisha akainua mkono kwa wazee waliokaa barazani, akasema salamu aleikum kwa sauti ya kushinda injini, nao wakaitikia. Wengi hakuwajua kwa majina, lakini walimjua kwa mwendo wake, na siku akichelewa kurudi mjini walimuuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Kioo cha gari kinaondoa hayo yote. Huwezi kumsalimia mtu kwa kilomita 80 kwa saa.

Bungi tulipita chini ya miembe mikubwa iliyopandwa safu mbili kandokando ya njia. Wenyeji husimulia kwamba aliyeipanda ni Bi Khole, binti wa Sultani Said, na magofu ya nyumba yake yako karibu, upande wa bahari. Ni miti ya karne ya 19, iliyopandwa kwa jasho la watumwa. Nikipita chini ya kivuli chake huwa nawakumbuka waliobeba maji ya kuimwagilia, ambao masimulizi hayawataji. Mbele kidogo ni njia ya kuingia Unguja Ukuu, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta bandari iliyofanya biashara na Ghuba ya Uajemi zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Hatukusimama huko mara kwa mara. Kituo chetu kilikuwa mbele yake.

Ukikaribia Pete joto linapungua ghafla. Msitu wa Jozani hukaa kwenye bonde ambalo maji yake ya ardhini yako karibu sana na uso. Masika yakishika, maji hupanda na miti husimama ndani yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana katikati ya uwanda mkavu panakuwa na mitondoo minene, michikichi, mikadi yenye mizizi ya kusimamia na miwale. Serikali ya kikoloni iliuchukua msitu huu baada ya kiwanda cha mbao kuutumia kwa miaka, ukawa hifadhi ya msitu mwaka 1960. Mwaka 2004 ukaunganishwa na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa, ya kilomita za mraba 50 hivi, na mwaka 2016 UNESCO ikauingiza kwenye orodha yake ya hifadhi za mazingira hai duniani. Na barabara kuu inapita ukingoni mwake: msitu upande mmoja, mashamba ya Pete upande wa pili.

Hapo Ami alikuwa na amri moja: gia ya pili, na usiongeze mpaka nikwambie.

Alikuwa ameijua njia hiyo tangu ilipokuwa ya kifusi. Gari za abiria zilikwenda kwa kuyumba, dereva akikwepa mashimo, na kima wekundu walivuka wakitaka. Katika miaka ya 1990 ikatiwa lami. Kila mtu alifurahi, na Ami pia, kwa sababu mgonjwa wa Makunduchi sasa aliweza kufikishwa hospitali ya Mnazi Mmoja angali hai. Lakini barabara mbovu ilikuwa imewalinda kima bila ya mtu kuipangia kazi hiyo, na ilipotengenezwa hapakuwa na kitu cha kushika nafasi yake. Watafiti waliokuwa Jozani walikadiria kwamba gari ziliua kima mmoja kila wiki mbili au tatu kwenye kipande hicho. Ndipo yakawekwa matuta. Vifo vikapungua, vikawa kama kimoja kila wiki sita. Matuta ya saruji na lami, kitu ambacho kila dereva hukilaani, yamewaokoa kima wengi kuliko mabango yote niliyowahi kuyasoma.

Kima huyu, kima punju, ni wa Unguja. Hakuna kwingine duniani anakopatikana kwa asili; wachache walipelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, lakini kwao ni hapa. Mgongo wake ni mwekundu, tumbo jeupe, na uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe ndefu. Dole gumba lake limepungua hadi karibu halipo, na tumbo lake limegawanyika vyumba kwa ajili ya kuchachusha majani. Matunda mabivu yenye sukari yanamdhuru, hivyo anataka majani machanga na matunda mabichi. Majani ya miembe na mikungu yana sumu kidogo, na kima wa Pete wamepata dawa yake: wanakula makaa. Huyachukua kwenye matanuri yaliyokwisha kufunguliwa, au nyuma ya jiko la mtu, wakayatafuna taratibu, na makaa hunyonya sumu hiyo tumboni. Watoto hujifunza kwa mama zao. Nimemtazama mama mmoja wa kima amekaa juu ya ukuta wa mawe, mtoto amemng'ang'ania kifuani, kipande cha kaa mkononi, naye hana haraka hata kidogo.

Wazee wa zamani hawakumpenda. Waliamini kwamba mti anaoulia hufa, na kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Imani hiyo huenda ilimsaidia, kwa sababu aliyeogopwa hakuwindwa sana. Hesabu iliyofanywa kisiwa kizima ilikuta zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa kabla. Ni habari njema. Hata hivyo ni wachache kuliko watu wanaoingia uwanja wa mpira wa Amani siku ya mechi kubwa, na hao ndio wote waliopo duniani.

Tulizoea kusimama Pete kwa mzee mmoja mwenye shamba kando ya barabara, kunywa maji ya dafu. Siku moja, kima wamejaa juu ya minazi yake wakitupa vidaka chini, nilimwambia, kwa furaha ya mtu wa mjini, kwamba ana bahati kuishi nao.

"Bahati ni yako wewe unayekuja ukaondoka," alinijibu, bila ukali. "Mimi nahesabu nazi."

Jibu lile limenikaa. Baadaye nilisoma utafiti wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, uliochapishwa 1999, ambao ulipima minazi ya eneo hilo na kukuta kwamba mavuno hayakushuka pale kima walipokula vidaka zaidi. Huenda kule kupunguza vidaka kulinufaisha nazi zilizobaki. Ni kazi ya makini na ninaiamini. Lakini wastani wa minazi mingi haumlipi mtu ambaye mnazi wake mmoja umevuliwa vidaka mbele ya macho yake. Kilichobadilisha mambo Pete ni mpango wa kuwagawia wakulima na vijiji sehemu ya fedha za viingilio vya watalii. Pamoja na fedha, vijiji vilivyouzunguka msitu vikapata jumuiya yao ya uhifadhi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mzee yule aliendelea kuhesabu nazi. Ila aliacha kuwarushia kima mawe.

Baada ya Jozani kuna njia inayochepuka kaskazini kwenda Charawe na Ukongoroni, vijiji vilivyo kusini mwa Ghuba ya Chwaka. Wakati ninaousimulia ilikuwa ya mawe matupu. Hiyo ndiyo njia niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ya upweke wake. Unapanda mgongo wa jiwe, unashuka kwenye kibonde chenye nyasi, unapanda tena, na kwa muda mrefu hukuti nyumba wala nguzo ya umeme. Nilikuwa nikipaita pori tupu. Ami hakupenda neno hilo.

Tulipata pancha huko. Jiwe la uwanda hukata mpira bila onyo. Vespa ina tairi la akiba, na gurudumu linafunguka kwa nati tano na spana namba 13, kwa hiyo si jambo la kulilia. Lakini chombo lazima kilazwe ubavu au mtu akishike. Akatokea mzee anakokota baiskeli yenye mzigo wa kuni mrefu kuliko baiskeli yenyewe.

"Asalaam alaykum. Pancha?"

"Waalaykum salaam. Pancha, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Lete nikushikie."

Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji, ule ambao kusini huitwa bigili, akashika vespa kwa mikono miwili. Mimi nikifungua nati, yeye na Ami wakazungumza. Ukuta ule aliujenga baba yake, kuzuia nguruwe mwitu wasiingie kwenye mihogo. Mimi nilikuwa sijauona hata huo ukuta. Macho yangu yalikuwa yamepita juu yake yakaona vichaka. Akatuonesha kwa kidevu. Pale penye nyasi fupi palilimwa mtama na kunde mwaka uliopita. Pale penye vichaka vya kufika kiunoni pamepumzishwa miaka mitatu. Kule kwenye miti ya kimo cha nyumba, kaka yake alilima akiwa kijana, na wakati wa kurudi haujafika. Mahali pa kupanda si shamba zima bali ni vishimo vya udongo kati ya mawe, na kila mwenye shamba anavijua vyake kimoja kimoja, kipi cha muhogo, kipi cha mbaazi, kipi kinachotuama maji. Zamani, alisema, uwanda ulipumzishwa miaka mingi kabla ya kukatwa tena. Sasa watu wameongezeka, mji unataka makaa na kuni, na mpaka wa hifadhi umewekwa. Mapumziko yamefupika, na miti inayorudi ni myembamba zaidi kila mara.

Hakusema hayo kwa kulalamika. Alikuwa akitusomea ardhi, kwa sababu tulisimama na gurudumu lilihitaji muda. Kama mpira usingekatika tungepita palepale tukavuta hewa safi na kusifu upweke. Upweke wenyewe haukuwapo. Mlikuwa mna mihogo, mipaka ya urithi, na ahadi za kurudi baada ya miaka. Mlikuwa mna paa nunga pia, yule paa mdogo adimu ambaye hujificha kwenye vichaka vilivyokomaa na hana pa kwenda vikikatwa. Tangu siku hiyo, nikiona mahali naambiwa ni patupu, nataka kwanza kujua nani anapahesabu.

Tulipokwisha kukaza nati, Ami alimuuliza kuni zinakwenda wapi. Zilikuwa zinakwenda kwa muoka mikate. Tukamshukuru, akakataa soda tuliyotaka kumnunulia mbele, akasema atafika usiku.

Njia iliyobaki tuliizoea: kurudi barabara kuu, Kitogani penye njia panda, kulia kwenda Muyuni na Makunduchi. Siku nyingine tulishukia Kizimkazi Dimbani kusali kwenye msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Ami hakuwa msomaji wa historia, lakini alipenda kuweka kiganja chake juu ya jiwe lile kabla ya kutoka. Ni matumbawe yaleyale ya uwanda, yamechongwa.

Ami amefariki. Vespa iko kwangu, na Jozani bado napita kwa gia ya pili. Nyuma yangu gari hupiga honi. Miaka hii barabara za Unguja zinatanuliwa na kutiwa lami mpya, na mimi si mpinzani wa jambo hilo. Mwenye kumbukumbu ya mgonjwa aliyekokotwa kwenye kifusi usiku hawezi kulipinga. Ila magari yamekuwa mengi, mabasi ya wageni yanakimbilia hoteli za Paje na Jambiani, na vijana wanakodishiwa skuta mjini bila kuambiwa kwamba kuna mahali kwenye njia yao ambapo mama na mtoto huvuka kwa miguu minne.

Kwingine nako wamelikuta tatizo hili. Mikumi, bara, barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na mabango yanamtajia dereva faini ya kila mnyama atakayemgonga. Faini inamfuata mkosaji baada ya mnyama kufa. Diani, kusini ya Mombasa, wamefikiria mapema zaidi: shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ya pwani, mbega wanapita juu na gari zinapita chini. Mbega wa Diani wamejifunza ngazi. Kima aliyejifunza makaa hatashindwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaochora barabara: matuta ya Jozani yabaki hata njia ikitanuliwa, na yaanzie Pete, kwenye minazi na miembe, yasisubiri langoni mwa hifadhi. Miti ya pande mbili iachiwe matawi yakutane. Pale ilipokwisha kukatwa, zijaribiwe kamba za Diani. Na kabla mchoro haujapigwa muhuri, sheha wa Pete na wakulima wake waitwe wakae mezani, kwa sababu wao ndio wanaojua kima huvukia wapi asubuhi wakienda mashambani, na wapi jioni wakirudi kulala msituni.